Ua wa Mji



Mtu mwenye akili akijenga nyumba hukumbuka mlango, dirisha, jiko na choo, kisha huacha ua. Pasipo ua watoto hawana pa kukimbia, nafaka haina pa kuanikwa, na wageni wakiwa wengi hawana pa kuketi. Wala hakuna fundi apataye sifa kwa kujaza vyumba hata mpaka wa jirani. Lakini miji yetu mingi yajengwa hivyo hivyo. Maduka yapo, nyumba za wageni zipo, mashine za kusaga zipo, nyumba za ibada zipo. Ila ua wa mji, yaani mahali pa watoto kucheza na watu wazima kunyoosha viungo, haupo, au upo leo na kesho haupo.

Juu ya ua huo twapenda kusema katika toleo hili. Hatusemi kwa ajili ya wapenzi wa mpira peke yao. Twasema kwa ajili ya karani akaaye kitini tangu saa moja na nusu asubuhi hata jioni, mwalimu asimamaye mbele ya watoto wengi katika chumba kimoja, mwuguzi wa zamu ya usiku, na watoto wa hao wote.

Huenda msomaji akauliza: Sisi wa Masumbwe na habari za miji mikubwa, wapi na wapi? Twamjibu kwamba kila mji mkubwa ulikuwa mdogo zamani, na samaki hukunjwa angali mbichi. Masumbwe imekaa juu ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama, ipitayo Ushirombo na kuendelea hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori hupita mchana na usiku. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoundwa, na Wilaya ya Mbogwe ikakatwa katika Bukombe, shughuli za Serikali zilisogea karibu nasi. Dhahabu nayo huleta watu, na watu huleta nyumba. Mahali ambapo mtu mzima wa leo alichunga ng'ombe, mwanawe aweza kuona pamekuwa soko. Basi heri tujifunze kwa waliotutangulia kuwa wakubwa, kabla mji wetu haujakauka katika umbo lisilokunjika tena.

Tuanze na Dar es Salaam. Mwaka 1914 Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi zilizougawa mji sehemu tatu, na Waingereza waliokuja baada ya vita ya 1914 hata 1918 wakaufuata mgawanyo huo. Sehemu moja ilikuwa ya majumba ya Kizungu, ya pili ya maduka na nyumba za Wahindi, ya tatu ya nyumba za Waafrika, ndiyo Kariakoo na majirani zake. Baina ya Uhindini na Kariakoo ikaachwa nafasi tupu, ndiyo Mnazi Mmoja. Upande wa Uzunguni nako kukawa na uwanja wa Gymkhana. Nafasi hizo hazikuachwa kwa sababu ya kuwapenda wachezaji. Ziliachwa ili watu wasichanganyike, na neno lililosemwa lilikuwa kukinga maradhi.

Lakini tazama mambo yalivyogeuka. Pale Mnazi Mmoja vijana walipiga mpira, watu walikutana, na mwaka 1955 umati ulikusanyika hapo kumsikiliza Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa. Nafasi iliyowekwa ili kuwatenga watu ilikuja kuwaunganisha. Hii ni kazi ya uwanja popote ulipo. Ukiwapo, watu wataupatia matumizi mema. Usipokuwapo, hata nia njema haina pa kusimama. Klabu zetu mbili kubwa, Young Africans ya mwaka 1935 na Simba iliyofuata mwaka 1936, zilizaliwa na vijana wa mitaa ile ya Kariakoo na pembeni yake, wala hazikuzaliwa katika majumba makubwa ya michezo, kwa maana hayakuwapo. Uwanja wa Taifa, ambao leo twauita Uhuru, ulifunguliwa mwaka 1961. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, nao una viti 60,000.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna uwanja wa kutazama, na kuna uwanja wa kucheza. Siku ya mechi kubwa pale Uwanja wa Mkapa watu 60,000 hukaa, na 22 hukimbia. Ni fahari ya nchi, wala hatuibezi. Lakini mtu hapungui uzito wala hapati pumzi kwa kutazama mwenziwe akitoka jasho. Kwa hesabu ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kuponywa na uwanja mmoja mkubwa, hata ukiwa wa marumaru. Wahitaji viwanja vidogo mamia, kila kimoja karibu na nyumba, ambapo mtoto aweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya magharibi bila kuvuka barabara kuu.

Na viwanja hivyo vya mitaa ndivyo vilivyoliwa. Katika Dar es Salaam malalamiko juu ya viwanja vya wazi vilivyovamiwa yamekuwa ya miaka mingi. Matokeo yake twayaona. Watu wapendao mazoezi wameunda vikundi vya mbio za polepole, hukimbia alfajiri kwa nyimbo na makofi, jambo jema sana. Lakini wengi wao hukimbia katikati ya barabara, magari mbele na pikipiki nyuma. Wengine huenda pwani, Coco Beach, siku za mapumziko. Aishiye mbali na bahari, asiye na nauli, afanyeje?

Liko bonde la Mto Msimbazi, na uwanda wa Jangwani ndani yake. Mvua kubwa zikinyesha bonde lile hujaa, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu nyumba nyingi. Mahali kama hapo hapafai kulala mtu, bali pafaa sana kuchezwa. Maana maji yakija huukuta uwanja tupu, yakiondoka watu wakarudi na mpira wao. Sasa katika mradi wa bonde hilo, ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, bustani kubwa ya mji imo katika mpango. Twautakia heri. Lakini tuone pia bei ya kuchelewa: nafasi ambayo ingeachwa wazi tangu mwanzo bila gharama yatafutwa sasa kwa fedha nyingi, na wenye nyumba kulipwa fidia ili wahame. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Majirani zetu wa Nairobi wametufundisha somo la namna nyingine. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, mahali ambapo watu wasio na bustani zao hupumzika. Bibi Wangari Maathai aliandika barua, akapinga, akatukanwa, hakunyamaza. Mwisho shauri likaachwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, alipigwa na kuumizwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura ili usigawanywe kwa wajenzi. Leo watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli chini ya miti ile. Watu wengi walimkumbuka alipopewa nishani ya Nobel mwaka 2004. Sisi twataka wakumbuke pia kwamba kazi yake kubwa ilianza kwa kalamu na karatasi, vyombo vile vile tulivyo navyo mezani.

Turudi kwetu. Wako wasemao kwamba viwanja vya michezo ni anasa ya kigeni, na kwamba wazee wetu walipata mazoezi yao shambani. Neno hilo lina ukweli nusu. Jembe lilijenga miili, nani akane? Lakini wazee wa Usukuma na Usumbwa walikuwa na viwanja vyao pia. Ngoma za Wasukuma za Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, kundi kwa kundi, na mshindi ni yule avutaye watu wengi upande wake. Ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe mkononi, na achezaye hutoka jasho kuliko mwenye kulima. Mambo hayo hayafanyiki uchochoroni. Kila mahali pa ngoma palijulikana, wala mtu hakuthubutu kupalima. Kwa hiyo, tukidai uwanja katika mji hatuigi wageni. Twadai haki iliyokuwa ya kijiji, isipotee kwa sababu kijiji kimegeuka kuwa mji.

Tena nchi yetu hii ya dhahabu na almasi ina ushuhuda wake katika michezo. Shinyanga mjini vijana wa stendi ya mabasi waliunda timu yao, Stand United, nayo ikapanda hata Ligi Kuu mwaka 2014. Mwadui ya machimbo ya almasi ikafuata mwaka 2015, na Geita Gold ikapanda mwaka 2021. Tuwaulize wenyewe vijana hao walianzia wapi. Hakuna hata mmoja aliyeanzia kwenye viti na nyasi nzuri. Walianzia kwenye vumbi, mahali pasipo jina, ambapo hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Pasipokuwapo vumbi hilo, hata Ligi haitakuwapo.

Katika nchi ya machimbo liko jambo jingine la kutisha. Habari ikienea kwamba mahali fulani pametoka dhahabu, ile tuiitayo rashi, ardhi hubadilika kwa majuma machache. Maduara huchimbwa, turubai hutandazwa, na wachimbaji wakihama mashimo hubaki, mengine yamejaa maji ya mvua. Mtoto asiye na mahali pa kucheza hucheza popote, naye hajui kina cha shimo. Dhahabu ni mali, nasi hatumchukii mchimbaji, maana wengi wetu tumesomeshwa kwa jasho lake. Lakini dhahabu hutolewa mara moja ikaisha, na uwanja hutumika kila siku na kesho upo vile vile. Mji unaotaka kuishi baada ya dhahabu kwisha hauna budi kuacha mahali pasipochimbwa wala kujengwa.

Sasa tuje kwenye afya zetu wenyewe, maana hapo ndipo penye aibu. Shirika la Afya Ulimwenguni katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lasema kwamba mtu mzima yampasa kupata kwa uchache dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kwatosha. Nani katika ofisi zetu azipata? Twaenda kazini juu ya pikipiki, twakaa, twala mchana chipsi na soda, twarudi juu ya pikipiki, twakaa tena. Kisha twashangaa kusikia kwamba mwenzetu ambaye hata miaka hamsini hajatimiza ana shinikizo la damu, na mwingine ana kisukari. Magonjwa haya hayaji kwa kukaa tu, lakini kukaa huyafungulia mlango.

Desemba 2016 Bibi Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati ule alikuwa Makamu wa Rais, aliagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya watu wote kufanya mazoezi. Tena tunayo mashindano ya SHIMIWI kwa watumishi wa wizara, idara na mikoa, na michezo ya Mei Mosi, ambapo twacheza mpira, pete, bao na kuvuta kamba. Ni mambo mema. Lakini tujiseme wenyewe kwa haki: wengi wetu hufanya mazoezi majuma mawili kabla ya mashindano, huvuta kamba mpaka migongo ikalia, kisha hukaa mwaka mzima tukisimulia ushindi. Mwili hauwekewi akiba namna hiyo.

Zamani wenzetu walifahamu zaidi. Mwaka 1922 huko Tanga makarani na waalimu, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba, waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Katika mambo yaliyowakusanya, pamoja na magazeti na masomo, mpira ulikuwamo. Hawakuona kuwa kucheza ni jambo la kitoto lisilolingana na kalamu. Walijua kwamba watu wachezao pamoja hupata kuaminiana, na watu waaminianao waweza kusema neno moja mbele ya wakubwa.

Basi nani aliyepoteza viwanja vyetu? Ni rahisi kumtaja mfanyabiashara mwenye fedha, au mwanasiasa. Lakini, ndugu zetu, kiwanja hakigeuki kuwa nyumba bila karatasi. Yuko aliyeichora ramani, yuko aliyeandika barua, yuko aliyetia muhuri, yuko aliyeona na kunyamaza kwa kuwa jalada halikuwa lake. Hao si wageni. Ni sisi watumishi. Na pengine mmoja wetu ndiye aliyepewa kipande cha pembeni, akashukuru. Mwandishi wa maneno haya amewahi kuketi katika mkutano, mbali na hapa na miaka mingi iliyopita, uwanja wa watoto ulipogawanywa viwanja vya nyumba. Aliandika maazimio kwa mwandiko mzuri, wala hakuinua mkono kuuliza. Kila apitapo pale huona madirisha, na hukumbuka magoli ya miti yaliyokuwapo. Hatusemi hili ili kujihukumu kwa machozi, bali ili lisirudiwe.

Wengine husema ardhi haitoshi. Tuipime. Uwanja kamili wa mpira wa miguu una urefu wa meta 105 na upana wa meta 68, yaani meta za mraba 7,140. Kiwanja cha nyumba cha meta 35 kwa 20 ni meta za mraba 700. Kwa hiyo uwanja mzima wa mpira hula mahali pa nyumba kumi, na kidogo juu yake. Katika mtaa wa nyumba 500, kumi ni mbili katika mia. Kiwanja cha pete, meta 30.5 kwa 15.25, chaingia katika kiwanja kimoja tu cha nyumba cha kipimo hicho. Na cha mpira wa wavu, meta 18 kwa 9, chaingia na nafasi ikabaki ya kupanda miti. Nani atasema mtaa wa nyumba 500 hauwezi kutoa nyumba kumi na mbili kwa ajili ya watoto wote waliomo?

Yafuatayo basi ndiyo maombi yetu kwa wanachama.

Kwanza, kila mahali panapochezwa leo, pawe pa shule, pa kijiji au pa mtaa, pajulikane kwa kipimo na mipaka yake. Panda miti ya mpaka, weka mawe, kisha fuata njia ya sheria hata pasajiliwe. Tunazo Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Uwanja usio na karatasi ni kama ng'ombe asiye na alama. Atapotea, na mwenyewe hatakuwa na ushahidi.

Pili, mpango wa mtaa mpya ukiletwa mezani, mtumishi aulize neno moja tu: watoto watacheza wapi? Aulize kwa adabu, na ombi lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Neno lililoandikwa ni gumu kufuta.

Tatu, viwanja vya shule vifunguliwe jioni kwa watu wa mtaa, kwa mapatano yaliyoandikwa na walimu wakuu na kamati za shule, ili mali isiharibiwe na masomo yasivurugwe. Uwanja wa shule ambao hulala tupu tangu saa kumi ni hazina iliyofungiwa.

Nne, wake kwa waume wawe na zamu. Mara nyingi jioni uwanja hushikwa na vijana wa kiume, na wasichana husimama pembeni wakitazama. Mpira wa pete una wachezaji saba kila upande, tena hauhitaji vifaa vya bei. Ikiwekwa siku yao, nayo ikaheshimiwa, mama na binti watakuja. Maana wao nao wana mioyo na mapafu.

Tano, Jumamosi ya pili ya mwezi tusiiache iwe jina tu. Wanachama wakutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watembee au wakimbie kadiri ya nguvu za kila mmoja, wazee mbele ili vijana wajue mwendo wa kufuata. Asiyeweza kukimbia atembee. Asiyeweza kutembea aje kuhesabu waliokuja.

Mambo haya hayahitaji mfadhili wala mgeni rasmi. Yahitaji kamba ya kupimia, miche ya miti, karatasi, na watu wasioona haya kuuliza. Masumbwe ingali na nafasi, nasi tungali na wakati, ingawa si mwingi. Miaka ishirini ijayo mtoto wa mji huu atatoka shuleni na mpira wake chini ya kwapa. Ama atakuta uwanja, ama atakuta ukuta. Na jina lililo chini ya karatasi iliyoamua lipi kati ya hayo mawili litakuwa jina la mmoja wetu.

Wasalaam,
Mhariri